Maswali Arobaini ya Mama Mahakama

Alifagia mahakama kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu alirudi nyumbani na maumivu ya kiuno, saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa, na jina. Huku kwetu bondeni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Mahakama. Watu wakigombania mpaka wa choo, wanakwenda kwake. Mpangaji akifungiwa mlango na mwenye nyumba, anakwenda kwake. Naye anawaambia sheria inasemaje, kwa uhakika ambao hata hakimu hakuwa nao. Sheria hiyo aliipata kwa masikio, ameinamia ufagio, kwa maana hakuna anayeshusha sauti mbele ya mfagizi.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, ambaye akiulizwa swali hukaza nati kwanza ndipo ajibu. Miaka mingi nyuma alikamatwa na mita nne za waya wa shaba alizookota jaani nyuma ya kiwanda. Alipewa miezi mitatu. Siku hiyo Mama Mahakama alikuwa zamu. Hukumu inasomwa, naye anafagia, na karani akainua miguu ili ufagio upite chini ya meza. Hakuna aliyejua kwamba yule aliyesimama kizimbani ni mume wa huyu aliyeinama. Yeye hakusema, na mume hakugeuka. Walikuja kulizungumza baadaye sana, kwa maneno kama matano hivi.

Basi asubuhi moja akaja mhadhiri. Kijana wa ndevu zilizochongwa vizuri, begi mgongoni, viatu vyeupe ambavyo bondeni vilidumu vyeupe kwa dakika nne. Alikuwa anatafuta mtu anayejua mtaa na anayejua kusoma, amsaidie kujaza madodoso ya utafiti. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa Mama Mahakama.

"Utafiti wa nini, Mwalimu?" Mama Mahakama alimuuliza, akimsogezea kigoda.

"Wa uhalifu, Mama. Kwa nini watu wa kipato cha chini huvunja sheria."

"Ehe."

"Tazama Mama, jamii inamwambia kila mtu apande juu. Awe na nyumba, gari, watoto shule nzuri. Lakini ngazi ya kupandia hawapewi wote. Sasa aliyenyimwa ngazi atafanyaje? Atatafuta kuruka ukuta."

Mama Mahakama aliyatafuna maneno hayo. Aliyapenda. Yalikuwa ya upole kuliko yote aliyowahi kusikia yakisemwa kuhusu watu wa bondeni mbele ya hakimu.

"Na walioko juu tayari?"

"Hao wameshapanda."

"Kwa hiyo hawaibi?"

"Hawana sababu, Mama."

Fundi baiskeli, aliyekuwa mlangoni akiziba pancha, alikohoa. Mama Mahakama alimjua mumewe. Alijua kikohozi cha vumbi na kikohozi cha maneno.

Alikabidhiwa madodoso sitini na kalamu mbili. Kila dodoso lilikuwa na maswali arobaini. Hapakuwa na nafasi ya jina, kwa kuwa majibu ni siri, wala hapakuwa na nafasi ya mtaa, kwa kuwa wote walitakiwa wawe wa bondeni.

Kazi ilianza kwa muuza mkaa. Huyu mkaa ulimkaa hadi kwenye kope, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Hii fomu ni ya mabati au ya magodoro?" aliuliza.

"Si ya kugawa kitu. Ni ya kuuliza tu. Swali la kwanza: umewahi kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa?"

Muuza mkaa alifikiri sana. "Aliyechukua na asiyechukua, nani anaandikwa mbele?"

"Hakuna wa mbele. Jibu ukweli."

"Basi andika ng'ombe wawili."

"Ng'ombe wawili! Uliiba wapi ng'ombe, wewe?"

"We andika tu. Ikija kuonekana wenye ng'ombe ndio wanaosaidiwa, mimi nimo. Ikija kuonekana wanakamatwa, utasema ulinisikia vibaya."

Mama Mahakama alipokataa kuandika ng'ombe, muuza mkaa akashuka hadi mbuzi, kisha kuku, mwisho wakakubaliana kwenye ndoo moja ya jirani aliyoiazima zamani na ambayo ilipasukia mikononi mwake.

Msusi alikuwa kinyume chake. Alikana kila kitu hata kabla swali halijaisha.

"Umewahi kusema uon…"

"Sijawahi."

"Mwezi uliopita uliniambia nije saa nne, ukaanza kunisuka saa kumi."

"Huo si uongo, Mama Mahakama. Hiyo ni kazi."

Ndivyo ilivyokwenda wiki nzima. Wengine waliikimbia kalamu wakidhani ni ya polisi, wakatorokea dirisha la nyuma. Wengine walikuja mara mbili wamebadilisha kofia. Mwenye genge alijibu maswali yote arobaini huku amesimama, mikono nyuma, kama aliyeshtakiwa. Mama Mahakama aliandika alichoambiwa. Pale alipojua anadanganywa, alikaa tu amenyamaza, akimtazama mtu kwa jicho alilojifunza kwa hakimu mmoja mzee, mpaka ukweli ukajitokeza wenyewe.

Jioni moja ikawa zamu ya nyumba yake. Mumewe alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, akakaa kitako.

"Swali la saba," alisema Mama Mahakama bila kumtazama. "Umewahi kutiwa hatiani na mahakama?"

"Miezi mitatu. Waya."

"Nimeandika."

"Andika na kwamba mke wangu alikuwa anafagia humo ndani."

"Hapana pa kuandika hilo, baba."

Fundi alichukua nati, akaitazama, akairudisha koponi. "Basi aliyeitunga fomu hii hajui kuuliza," alisema, akatoka nje.

Mwisho wa wiki madodoso kumi na manne yalibaki meupe, na bondeni hapakuwa tena na mtu mzima asiyeulizwa, isipokuwa wale wa dirisha la nyuma. Siku iliyofuata Mama Mahakama alipanda mlimani kumwona mdogo wake, aliyekuwa mpishi katika jumba moja lenye maua ya zambarau ukutani. Hakwenda kwa utafiti. Alikwenda kumpelekea dawa ya kikohozi. Lakini madodoso yalikuwa mkobani.

Mlinzi wa getini aliupekua mkoba huo hadi kwenye mshono, akayatoa, akasoma kwa sauti: "'Umewahi kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa?' Eti nini?"

"Si wewe unayeulizwa, mwanangu. Nipishe."

Mwenye jumba alisikia kelele akatoka. Alikuwa mama mnene mchangamfu, mwenye pete nyingi na shughuli chache, na siku hiyo alikuwa na wageni barazani, majirani zake wa mlimani, wanakunywa chai kwa keki. Alipoambiwa ni utafiti, alishika kiuno.

"Kila siku mnawauliza watu wa chini tu! Sisi hatuna maoni? Hebu njoo hapa. Mpishi! Mletee dada yako kiti."

Mdogo mtu alikileta kile kiti akimkodolea dada yake macho ya kumwambia *ondoka*. Mama Mahakama alikaa. Alieleza kwamba ni siri, hakuna jina. Kisha akasoma swali la kwanza.

"Kuchukua bila ruhusa?" mwenye jumba alicheka mpaka pete zikagongana. "Taulo! Jamani, taulo za hoteli. Nina kabati zima. Kila nikisafiri nalala hoteli moja, narudi na taulo mbili."

"Niandike umeiba taulo?"

"Kuiba! Hapana, mama. Andika ni kumbukumbu ya safari."

Mama Mahakama akaandika: *kumbukumbu ya safari*. Majirani wakaona ni mchezo mtamu, kila mmoja akataka fomu yake. Kati ya kumi na wanne waliokuwapo barazani, tisa walikuwa na taulo. Daktari wa meno alipoulizwa kuhusu umeme, alieleza kwamba mita yake ilikuwa inakimbia mno, akamwita fundi azungumze nayo, tangu hapo inakwenda kwa adabu. Mwingine alijaza bwawa lake la kuogelea kwa bomba ambalo, alisema, halikuwahi kutambulishwa kwa mita. Kijana wa shati la maua aliulizwa kama amewahi kuendesha gari akiwa amelewa.

"Mara moja. Polisi alinisimamisha."

"Akakukamata?"

"Alinipa pole. Akakaa yeye kwenye usukani, akanifikisha nyumbani. Mtu mwema sana."

Mama Mahakama alicheka nao. Hakuweza kujizuia, walikuwa watu wacheshi na keki ilikuwa laini. Bondeni watu waliiogopa kalamu kama sindano. Hapa walimshika mkono asije akaacha neno.

Wa mwisho alikuwa mzee mrefu, mwenye fimbo ya kichwa cha shaba. Aliwahi kuwa mkurugenzi wa shirika kubwa, na mpaka sasa wote walimwita Mzee Mkurugenzi.

"Umewahi kuchukua mali ya mwajiri?"

"Kuchukua, hapana. Kuna jenereta iliyokuwa ofisini kwangu. Ile kubwa, ya magurudumu." Alitabasamu kwa wenzake kwanza. "Nilipostaafu, ilistaafu nami."

Baraza zima lilicheka. Mama Mahakama aliandika maneno yote, neno kwa neno. Katikati ya kuandika aligundua kwamba yeye peke yake ndiye hacheki. Jenereta ile ilikuwa pale jirani, nyuma ya nyumba ya huyo mzee, ikinguruma, na kutoka kwenye tumbo lake nyaya zilitambaa ardhini, nene kama nyoka, mita ishirini, labda thelathini. Aliaga, akasahau hata kumpa mdogo wake dawa, ikabidi arudi getini na kupekuliwa upya.

Alipompelekea mhadhiri kazi yake, kijana alikuwa na simu sikioni na nyingine mkononi.

"Mwalimu, kuna jambo kuhusu hizi kumi na nne. Hizi nilizijazia kule…"

"Mama, umefanya kazi nzuri mno. Niachie. Tarakimu zitasema zenyewe."

Mama Mahakama aliondoka akiwaza kwamba hizo tarakimu, kama kweli zinasema, basi zitamweleza.

Majibu yalisomwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa mtaa. Bondeni wote tulikuwapo, kila mtu ana hamu ya kujua amekosa nini. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani. Alikaa afande mkuu wa kituo cha polisi, daftari mbele yake. Pembeni yake alikaa mwenyekiti wa kamati ya usalama, ambaye ndiye aliyeomba kituo kipya cha polisi kijengwe bondeni, na ambaye siku hiyo alikuwa mgeni rasmi. Mama Mahakama alipomwona aliketi taratibu, kama mtu anayekalia yai. Alikuwa Mzee Mkurugenzi, na fimbo yake.

Mhadhiri alianza vizuri. Alisema habari ya ngazi na ukuta, na watu walipiga makofi. Kisha akawasha mashine, ukutani pakatokea rangi.

"Utafiti umeonyesha," alisema, "kwamba asilimia kumi na tano ya wakazi wa bondeni huchukua taulo za hoteli."

Watu walitazamana.

"Hoteli ipi?" muuza mkaa aliuliza kutoka nyuma.

"Hoteli… mbalimbali. Wanaposafiri."

"Nani kasafiri?" muuza mkaa alisimama, akageuka kutupekua kwa macho. "Jamani, nani kasafiri na hakuaga?"

Mhadhiri alipangusa paji la uso, akaendelea. Mkazi mmoja wa bondeni, alisema, hujaza bwawa lake la kuogelea kwa maji yasiyolipiwa. Hapo msusi, aliyekuwa amebeba ndoo mbili tangu alfajiri kwa sababu bomba letu la pamoja lilikuwa kavu tangu mwezi uliopita, alipiga yowe: "Bwawa! Tunateseka na kumbe mtu ana bwawa! Atajwe!" Vicheko vilianza upande wa vijana, vikaja kama mvua ya upepo hadi safu za mbele. Mhadhiri alizitazama karatasi zake kama zimemsaliti. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, basi akasoma.

"Mwingine, akiulizwa kuhusu jenereta ya ofisi, alisema hivi, namnukuu: 'Nilipostaafu, ilistaafu nami.'"

Glasi ya maji ya mgeni rasmi ilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Ilisimama hapo hapo.

Afande alikuwa ameshafungua daftari. "Huyu ni mtu hatari," alisema. "Tena ana kiburi. Anakaa nyumba gani?"

Mhadhiri akamtafuta Mama Mahakama kwa macho. Ukumbi mzima ukageuka. Naye akasimama, mkono kwenye kiuno kinachouma.

"Afande, niliwaahidi watu siri, na siri nitaitunza. Jina hulipati kwangu. Lakini hao wa taulo, na wa bwawa, na wa jenereta, si wa bondeni. Fomu zilinibakia kumi na nne. Nilizijaza kule juu mlimani. Kwa chai na keki."

Kisha tulimwona afande, polepole, akilifunga daftari lake na kuirudisha kalamu mfukoni.

"Mbona unafunga, Afande?" Muuza mkaa hakuuliza kwa kejeli. Nadhani alitaka kujua kweli. "Si ulisema ni hatari?"

"Hayo… hayo ni mambo ya kiutawala," alisema afande.

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Mwenye genge aliinama akashika magoti. Mgeni rasmi aligonga fimbo sakafuni mara tatu, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba ni lazima tutofautishe kati ya mwizi na mtu mwenye heshima zake aliyeteleza.

"Ni kweli, Mzee," alijibu Mama Mahakama, kwa heshima zote. "Tofauti ipo, mimi nimeiona kwa macho yangu. Nimefagia kizimbani miaka ishirini na miwili. Waliosimama pale nawajua hadi visigino, vyote vina nyufa. Hao wanaoteleza, sijui huangukia wapi. Pale hawakuwahi kuangukia."

Alikaa. Alijuta kuwa amesema sana. Ndipo akasikia, kutoka kwenye safu ya mlangoni, sauti aliyokuwa hajaisikia miaka mingi. Mumewe alikuwa anacheka. Si kukohoa, kucheka, kwa mdomo wazi, huku akijipiga paja kwa mkono wenye grisi.

Mhadhiri alimfuata nyumbani jioni ile amevimba kwa hasira. "Mama, umeniharibia utafiti! Mwaka mzima!"

"Nilitaka kukwambia, Mwalimu. Ulisema tarakimu zitasema."

Aliondoka bila kuaga. Baada ya wiki alirudi, safari hii na viatu vyeusi. Alikaa kwenye kile kigoda, akasema kwamba amezisoma upya zile kumi na nne, zikamnyima usingizi. Alikuwa amekwenda kutafuta kwa nini maskini huiba, hakujiuliza kwa nini ni wao tu wanaoulizwa. Akasema anaanza upya, pande zote mbili, na kwamba anaomba msaada wake. Fundi baiskeli alitoka ndani na nyundo. Mhadhiri alishtuka, lakini mzee alikuwa anakuja kukaza miguu ya kigoda.

Sitawaambia kwamba dunia ilipinduka. Kituo cha polisi kilijengwa, na kilijengwa bondeni, mkabala na msusi, ambaye sasa anawasuka wake za maafande na kuwachelewesha kama anavyotuchelewesha sisi. Utafiti wa pili ulipofika mlimani, kila geti Mama Mahakama aliambiwa wenye nyumba wamesafiri. Mita ya daktari wa meno ilipata fundi mwingine, haraka sana. Aliyefungua mlango ni yule mama wa pete peke yake, akijibu maswali yote tena kwa kicheko kile kile. Alisema tangu siku ile majirani hawaji kunywa chai, na kwa kweli walikuwa wanachosha.

Aliyemuumiza Mama Mahakama zaidi ni mdogo wake. Miezi miwili hakumsemesha. "Ungenifukuzisha kazi," alimtumia ujumbe, "kwa ajili ya karatasi." Ilikuwa kweli, na Mama Mahakama hakuliwazia hilo hata mara moja pale barazani, keki mkononi.

Kisha mchana mmoja mpishi akashuka mwenyewe, na bahasha kwapani. Hakusalimu sawasawa. Ilikuwa barua yake ya ajira ya miaka tisa, hakuwahi kuisoma yote.

"Nisomee," alisema. "Si wewe ndiye mahakama?"

Mama Mahakama alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Ukurasa wa pili kidole kikasimama. "Mdogo wangu, umewahi kwenda likizo?"

"Likizo ya nini?"

"Imeandikwa hapa. Kila mwaka."

Walikwenda pamoja kwa mama wa pete, wakiwa wameitanguliza ile barua mbele kama tochi. Alishangaa kuliko wao. Alidhani likizo ni kitu ambacho mpishi angekiomba kama angekitaka. Alimpa mwezi mzima.

Mpishi aliutumia wote kwa dada yake. Siku mbili za kwanza alilala tu, akikoroma katikati ya mchana, mdomo wazi, viatu havijavuliwa. Fundi alihamishia baiskeli zake upande wa pili wa njia ili nyundo isimwamshe, na Mama Mahakama alikaa mlangoni akiwanyamazisha wapita njia kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.